Binti yangu wa miaka 6 hataki kitu kingine ila ramani

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ni fundi cherehani ninayefanya kazi nyumbani, na kwa sasa tunaishi Korogwe. Ninasema kwa sasa kwa sababu mume wangu ameajiriwa katika ujenzi wa barabara, nasi humfuata kila mradi unapohamia. Kabla ya kufika hapa tumekaa Singida, Babati na Same. Kwa sababu ya kuhamahama huko tuliamua kwamba binti yetu mkubwa, ambaye ana umri wa miaka 6, nimfundishe mwenyewe hadi baba yake atakapopata kituo cha kudumu. Asubuhi tunasoma, mchana ninashona.

Mwaka jana baba yake alileta nyumbani ramani ya Tanzania iliyokuwa imetundikwa katika ofisi ya mradi uliokwisha, akaibandika ukutani kuziba ufa. Tangu hapo mtoto amebadilika. Akiamka huenda kwenye ramani kabla ya kunawa uso. Ameikariri mikoa na makao makuu yake, kisha akahamia nchi za Afrika aliponunuliwa daftari lenye ramani ya dunia nyuma ya jalada. Huchora mipaka kwenye kila karatasi anayoipata, hata kwenye karatasi ninazokatia ruwaza za nguo za wateja. Ananiuliza maswali nisiyoyaweza: kwa nini mpaka wetu na Kenya umenyooka kisha ukapinda hapo penye Mlima Kilimanjaro, nani aliuchora, na je, ni kweli kwamba Greenland ni kubwa kama Afrika nzima. Mimi jiografia niliiacha nikiwa kidato cha pili na sikuwahi kuipenda.

Kinachonisumbua ni kwamba hesabu na kusoma havimvutii tena. Nikifungua kitabu cha hadithi anasinzia, nikiiondoa ramani analia. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema ninamlea mtoto kwa michezo na kwamba ramani haijawahi kumsongea mtu ugali. Mume wangu naye amezidisha upande wa pili: kila mgeni anapokuja, mtoto huitwa sebuleni ataje miji mikuu ya nchi. Mwezi uliopita alikosea moja, mgeni akacheka, mtoto akakimbilia chumbani na siku mbili nzima hakuitazama ramani.

Ninaomba unisaidie. Je, nimpunguzie ramani ili arudi kwenye masomo? Nimjibu nini anapouliza nisichokijua? Nikiwa na fedha kidogo ninunue nini, globu, kitabu cha ramani, au nimpe simu? Na niwaambie nini baba yake na bibi yake bila kumkosea heshima yeyote?

Mama wa mpenda ramani, Korogwe

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usimpunguzie ramani. Mtoto wa miaka 6 aliyepata jambo linalomwamsha kabla ya kunawa uso amekupa wewe, mwalimu wake, njia rahisi ya kumfikisha unakotaka afike, na kumfundisha mtoto huyo nyumbani kuna faida moja ambayo darasa la watoto sabini halina: unaweza kulifuata swali lake siku hiyohiyo alipoliuliza. Hata hivyo liko jambo la kurekebisha katika namna anavyozitumia ramani hivi sasa. Kutokana na maelezo yako, sehemu kubwa ya anachokifanya ni kukariri majina. Mtoto anayejua kwamba makao makuu ya Mkoa wa Katavi ni Mpanda, lakini hajui mlango wa nyumba yao unatazama upande gani, ana orodha kichwani, bado hana ramani. Kwa hiyo kazi yako katika miezi ijayo ni kuiteremsha ramani kutoka ukutani hadi kwenye ardhi anayoikanyaga.

Anza na jaribio dogo. Msimamishe mlangoni, mwambie aonyeshe kwa mkono Muheza iko upande gani. Akielekeza mashariki amefaulu, kwa kuwa kutoka Korogwe kwenda Muheza ni mashariki. Handeni iko kusini-magharibi, na Milima ya Usambara mnaiona wenyewe upande wa kaskazini. Akishindwa, usimsahihishe kwa maneno. Simika kijiti kilichonyooka uani asubuhi, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli, kisha mrudi baada ya saa mbili au tatu muweke jiwe la pili. Mstari unaounganisha mawe hayo unakaribia mstari wa magharibi hadi mashariki, na jiwe la kwanza ndilo lililo magharibi. Akisimama na magharibi mkono wa kushoto na mashariki mkono wa kulia, anatazama kaskazini. Hapo ndipo uishushe ramani kutoka ukutani, uilaze chini, na umwache aizungushe mwenyewe mpaka kaskazini ya karatasi ielekee kaskazini ya dunia. Nimewaona watu wazima wenye shahada ambao hawajawahi kufanya hivyo.

Kijiti hicho msiking'oe. Vitabu vingi vya watoto vimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani, navyo husema kwamba jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini. Huko kwao ni kweli, lakini Korogwe iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwenu mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini na kivuli cha kijiti hulala kusini. Mwezi Desemba mambo hugeuka. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu kabisa juu ya utosi, kivuli kikabaki kidogo mno chini ya kijiti. Mpe daftari apime kivuli cha saa sita mara moja kwa wiki na aandike urefu wake pamoja na upande kilikoangukia. Mwaka ukiisha atakuwa na ushahidi wake mwenyewe wa safari ya jua, na wewe utakuwa na mtoto aliyejifunza kupima, kuandika tarehe na kulinganisha tarakimu.

Baada ya hapo mfanye mchora ramani wa nyumba yenu. Wewe ni fundi cherehani, una futi, na unajua kupima kuliko walimu wengi. Pimeni chumba anacholala. Kama kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, mwambie kwamba kila nusu mita ya chumba itakuwa sentimita 1 kwenye karatasi. Atagundua kwamba chumba chake kimekuwa mstatili wa sentimita 8 kwa 6, naye atakuwa amezidisha kwa mbili bila mtu yeyote kutamka neno hesabu. Kitanda, mlango na dirisha aviweke mahali pake kwa kupima, si kwa kukisia, kisha aandike jina la ramani, ufunguo unaoeleza maana ya alama, skeli (yaani kile kipimo cha sentimita 1 kwa nusu mita) na mshale wa kaskazini. Kutoka chumbani mtatoka uani, kutoka uani mtakwenda hadi dukani. Njia ya dukani ni ndefu kwa futi, kwa hiyo pimeni urefu wa hatua zake kumi, agawanye kupata wastani wa hatua moja kwa msaada wako, halafu ahesabu hatua hadi anapofika. Usishangae akihesabu mara tatu na kupata majibu matatu. Wapima ardhi nao hupima zaidi ya mara moja kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu kusoma, nina shaka moja ningependa uichunguze kabla ya kuhangaika. Watoto wengi wapenda ramani huyatambua majina kwa mahali yalipo na si kwa herufi zake. Anaona umbo la mkoa, anatamka Tabora, nasi tunadhani amesoma. Andika Handeni, Mombo, Lushoto na Pangani kwenye vipande vya karatasi, mbali na ramani, uone kama ataweza kuyasoma. Akiweza, hana tatizo la kusoma, ana tatizo na hadithi unazomchagulia. Asipoweza, umepata kitabu chake cha kwanza: majina ya miji yetu yana silabi wazi zinazosomeka moja baada ya nyingine, na kila neno atakalofumbua litampeleka mahali anapotamani kupaona. Kutoka kwenye majina mtapanda hadi kwenye sentensi, kama vile "Mto Pangani unapita Korogwe na kuingia baharini Pangani," naye mwenyewe aandike maelekezo ya kumfikisha baba yake kutoka nyumbani hadi sokoni, na baba ayafuate kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake, hata yakimpeleka kwenye banda la kuku.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba kila somo linaweza kuingizwa ndani ya kile mtoto anachokipenda. Yapo mambo ya kusoma na kuhesabu yanayohitaji mazoezi ya kawaida ya kila siku, na ukilazimisha kila jumlisha ivae nguo za ramani, mtoto atachoka na ramani yenyewe. Weka nusu saa ya kusoma na nusu saa ya hesabu asubuhi, kila siku, bila majadiliano na bila kurefusha. Zaidi ya yote, usiifanye ramani kuwa zawadi wala adhabu. Ukisema "maliza hesabu ndipo nikupe ramani," umemfundisha kwamba hesabu ni tozo la kulipwa ili avuke kwenda upande wa raha. Ukimnyang'anya ramani kwa sababu amekosea kusoma, umefanya vitabu kuwa adui zake.

Sasa nije kwenye maswali yake, ambayo, niseme wazi, ni mazuri kuliko mengi ninayoyapata kutoka kwa watu wazima. Mpaka wetu na Kenya ulichorwa na Uingereza na Ujerumani, nchi mbili zilizogawana eneo hili kwa makubaliano ya mwaka 1886, wakati ambapo hakuna mkazi yeyote wa Vanga, Taveta au Rombo aliyeulizwa neno. Mstari uliwekwa uanzie pwani kwenye mdomo wa Mto Umba, uende hadi Ziwa Jipe, upite chini ya mlima upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha unyooke hadi kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo latitudo ya nyuzi 1 kusini hukutana na ziwa. Mlima ukabaki upande wa Wajerumani, na ndiyo maana mstari unapinda hapo. Mtasikia hadithi kwamba Malkia Viktoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiza wa Ujerumani, mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo inapendwa sana na waongoza watalii, lakini si ya kweli. Kilichotokea ni mazungumzo ya serikali mbili zilizokuwa zikipimana nguvu. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuelewa hayo yote ukimwambia kwa ufupi kwamba watu wa mbali walichora mstari kwenye karatasi, na watu waliokuwa wakiishi hapo wakajikuta wengine upande huu na ndugu zao upande ule. Kisha aweke rula juu ya ramani ya Afrika atafute mipaka mingine iliyonyooka hivyo. Ataipata kwa wingi, hasa kule Sahara, na swali litakalofuata atajiuliza mwenyewe.

Swali la Greenland lina jibu zuri zaidi, na bahati nzuri mko jirani na machungwa ya Muheza. Chukueni chungwa moja, mchoreeni mabara kwa kalamu ya wino, hata kwa makosa, kisha mlimenye kwa uangalifu na mjaribu kulitandaza ganda juu ya meza liwe karatasi bapa. Litapasuka. Ili lisipasuke itabidi sehemu fulani zivutwe, na kila mchora ramani ya dunia analazimika kuamua atavuta wapi. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ya kuwasaidia mabaharia, ambayo mstari ulionyooka juu yake humpa nahodha mwelekeo mmoja wa dira asioubadilisha njiani. Ili kupata faida hiyo alilazimika kuzivuta nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Matokeo yake ni kwamba Greenland, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 2.2, inaonekana kulingana na Afrika yenye kilomita za mraba takriban milioni 30. Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Madagaska, ambayo mtoto huiona kama kisiwa kidogo kando ya bara, ina eneo linalozidi mara mbili ya Uingereza. Mwaka 2018 wachora ramani watatu walitoa ramani iitwayo Equal Earth, inayohifadhi ukubwa wa kila nchi kwa uwiano, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka ramani ya Mercator iachwe katika kufundishia na katika ofisi. Ramani hiyo ya Equal Earth hupatikana bure kwenye intaneti, nayo unaweza kuichapisha kwenye duka lolote la steshenari kwa gharama ya karatasi na wino. Ibandikeni kando ya ile ya Mercator, mwache azilinganishe mwenyewe.

Na akiuliza kwa nini kaskazini huwekwa juu, mwambie kwamba si lazima iwe hivyo. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemchorea Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia ramani ya dunia iliyokamilika mwaka 1154, aliweka kusini juu, kama ilivyokuwa kawaida kwa wachora ramani wengi wa Kiislamu wa wakati wake. Geuza ramani yenu miguu juu kwa siku moja, uone atasema nini.

Kwa maswali mengine utakayokosa majibu, sema "sijui, tuliandike," na uwe na ukurasa maalumu wa maswali mtakaoupitia kila Jumamosi. Usibuni jibu. Mtoto wa aina hii atalikumbuka jibu lako la uongo miaka kumi baadaye, na atakuuliza mbele ya watu.

Ile ramani iliyoziba ufa msiitupe hata ikiwa imezeeka, kwa sababu ramani ya zamani ni fumbo zuri sana la kipelelezi. Mwambie atafute Mkoa wa Songwe. Usipokuwepo, ramani hiyo ilichorwa kabla ya mwaka 2016, Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya. Kisha atafute Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Ikikosekana yote minne, ni ya kabla ya 2012. Kwenye ramani ya Afrika atafute Sudan Kusini, iliyopata uhuru Julai 2011, na aangalie kama Eswatini bado imeandikwa Swaziland, jina lililobadilishwa mwaka 2018. Kwa njia hiyo atajua kwamba ramani ina tarehe, na kwamba dunia aliyoikariri inaendelea kubadilika. Jambo hilo litamsaidia pia kuhusu yule mgeni aliyecheka, maana wageni wengi wanaojigamba kujua miji mikuu bado hutaja Bujumbura wakiulizwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ilhali sasa ni Gitega.

Kuhusu manunuzi, fedha yako ya kwanza itoke kwa karatasi kubwa nyeupe, rula, penseli za rangi na dira ndogo. Karatasi zake ziwe zake, na zako za ruwaza mwekee mpaka usiovukwa. Mpenda ramani anapaswa kuuheshimu mpaka. Fedha ya pili iende kwenye globu, hata ndogo, kwa kuwa ndiyo pekee inayoonyesha dunia bila kuivuta, nawe utaweza kuizungushia uzi kutoka Dar es Salaam hadi Muscat au Mumbai na kuona njia fupi inapita wapi. Kitabu cha ramani kisubiri hadi asome vizuri. Kama mumeo atapita Dar es Salaam au Dodoma, aulize katika ofisi za upimaji na ramani za Wizara ya Ardhi kuhusu karatasi ya skeli ya 1:50,000 inayoonyesha eneo mnaloishi. Hapo sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhi, na Milima ya Usambara imechorwa kwa mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Kontua humshinda mtoto mdogo zikielezwa kwa maneno, lakini hueleweka kwa beseni. Finyangeni mlima wa udongo ndani ya beseni, mimineni maji sentimita 1 baada ya nyingine, na kila mara achore kwa kijiti mstari pale maji yanapogusa mlima. Mkiyamwaga maji na kuutazama mlima kutoka juu, mtaziona kontua.

Simu uitumie wewe, naye akae pembeni. Picha za setelaiti zitamfurahisha kwa dakika chache, lakini kidole kinachoteleza kutoka Korogwe hadi Brazili kwa sekunde hakimfundishi umbali. Faida kubwa ya simu ni kumwonyesha kwamba ramani hutengenezwa na watu wa kawaida. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam wakachora mitaa, mifereji na nyumba katika kata zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao ikaingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Wenzao wa Kibera, Nairobi, walianza kazi kama hiyo mwaka 2009, wakati ambapo kwenye ramani nyingi mtaa wao ulionekana kama uwanja mtupu. Fungueni ramani hiyo mtazame Korogwe, kisha umuulize kama njia yenu ya dukani ipo. Isipokuwepo, msaidie kuiongeza barabara hiyo kwa jina lake. Jina la mtoto na nyumba mnayoishi visiandikwe humo.

Sasa niingie sebuleni. Zungumza na mumeo mkiwa wawili, na umwanzie kwa sifa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeileta ramani na anajivunia mtoto wake, jambo ambalo si la kulaumiwa. Mwambie kwamba mtoto anayeitwa mbele ya wageni kutaja miji mikuu anajifunza kwamba thamani ya ujuzi wake iko katika kutokosea, na kwamba ameshaanza kuiogopa ramani kwa sababu hiyo. Badala ya mtihani, mgeni akifika aombwe yeye aeleze alikotoka na njia aliyopita, na binti aichore wakati mgeni anasimulia. Hapo mgeni ndiye mjibu maswali. Na mumeo, kama mtu wa barabara, ana michoro ya mradi ambayo mkeka wa lami, karavati na daraja vimewekewa alama zake; amruhusu mtoto kuona karatasi moja iliyokwisha matumizi, kwa idhini ya wakubwa wake kazini. Sidhani kama kuna kitabu cha watoto kitakachoshinda hicho.

Kwa mama mkwe usibishane kuhusu ugali. Mtume mtoto kwake na karatasi, amwombe, "Bibi, nisaidie kuchora kijiji ulichokulia." Atataka kujua mto ulikuwa wapi, kisima, shamba, njia ya mnadani, nyumba ya nani ilikuwa karibu na ya nani, na kutoka kijijini hadi mjini ilikuwa mwendo wa saa ngapi kwa miguu. Hakuna ofisi yenye ramani hiyo. Bibi atamsahihisha, atafuta, ataongeza mwembe uliosahaulika, na sidhani kama baada ya hapo atauita mchezo. Msomee bibi majina yote yaliyoandikwa, ili ahakikishe yameandikwa kama wenyewe wanavyoyatamka.

Kuhama kwenu, ambako umekuandika kama mzigo, ndiko kunakompa binti yako kitu ambacho wenzake wengi hawana. Mkisafiri kwenda Moshi, akae dirishani na ramani mapajani, aweke alama kila mnapopita: Mombo, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga, Himo. Mkiwa mnakwenda, Milima ya Usambara na baadaye ya Upare itakuwa mkono wa kulia. Muulize kabla ya safari ya kurudi itakuwa upande gani, na usimwambie jibu hadi basi liondoke. Kila mahali mnapohamia achore ramani ya mtaa katika wiki ya kwanza na nyingine kabla ya kuondoka, kisha alinganishe alichokuwa hajakiona mwanzoni.

Huenda mwakani akaamka akipenda mende au injini za pikipiki. Ikiwa hivyo, mwache aende, usimkumbushe ramani kwa huzuni wala usimdai fedha ya globu.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini lazima nilitaje. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie masomo, na binti yako anaukaribia umri huo. Usisubiri hadi mtu abishe hodi. Nenda kwa afisa elimu kata mapema, mweleze hali ya kazi ya mumeo na kuhama kwenu, na uulize utaratibu wa kumwandikisha na wa kumhamisha mradi unapobadilika; masomo yenu ya nyumbani yanaweza kuendelea jioni na siku za mapumziko. Anza leo kuhifadhi kazi zake katika jalada moja, kila ramani ikiwa na tarehe, skeli na jina la mahali, pamoja na daftari la kivuli na ukurasa wa maswali, uende navyo ofisini. Mwalimu atakayempokea atahitaji kujua mtoto amefika wapi, na kwa jalada hilo ataona mwenyewe anavyosoma, anavyoandika na anavyohesabu.